Gramu 900 za fedha katika jiwe la kuokota

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua. Habari za utafiti wa fedha, risasi na zinki huandikwa kwa mtindo mmoja: kampuni imepata leseni ya eneo ambalo halijachunguzwa vya kutosha, mjiolojia ameokota mawe, maabara imetoa gramu 900 za fedha kwa tani na asilimia 30 ya risasi, na hisa zimepanda. Namba hizo zaweza kuwa za kweli kabisa, na bado zisimwambie msomaji lolote kuhusu ukubwa wa kilichomo ardhini.

Mkosaji ni galena. Galena safi ni asilimia 86.6 risasi, na mara nyingi fedha imo ndani yake au katika madini yaliyoshikana nayo. Inang'aa kama kioo kilichovunjika, na uzito wake ni karibu mara saba na nusu ya maji, kwa hiyo anayeokota huiona na kuihisi mkononi kabla ya jiwe lingine lolote. Jiwe la kilo mbili lililochaguliwa hivyo linajieleza lenyewe tu. Kinachofaa ni mfereji: unakatwa kuvuka mshipa (ule mkanda wa madini ndani ya mwamba), si kuufuata, kwa upana na kina kilekile mwanzo hadi mwisho, kila mita na mfuko wake. Mwamba mtupu wa pande zote mbili nao unaingia mifukoni, maana bila huo hakuna ajuaye mshipa unaishia wapi.

Zinki ni mnyamavu zaidi. Mvua na hewa vikiozesha madini ya salfaidi, yaani ya metali iliyoungana na salfa, karibu na uso wa ardhi, zinki huyeyuka na kuondoka na maji, ilhali risasi hubaki papo hapo kama madini mapya, serusaiti na anglesaiti. Ndiyo maana mwamba wa kutu wenye risasi kidogo na zinki karibu sifuri unaweza kufunika zinki nzuri mita kadhaa chini. Kwenye mwamba chokaa zinki hiyo iliyohama hutua upya kama smithsonaiti, nyeupe au ya kijivu, ambayo ukiitazama utadhani ni chokaa tu. Wachunguzi hubeba mchanganyiko wa potasiamu ferisianidi, asidi ya oksaliki na dietilanilini. Wakiunyunyiza juu ya jiwe lenye zinki iliyooza, rangi hugeuka nyekundu ya machungwa. (Glavu ni lazima.) Vifusi vya mashimo ya kale navyo visipuuzwe: mara nyingi wachimbaji wa zamani walifuata galena kwa ajili ya fedha na kuitupa sfaleraiti, madini ya zinki ya rangi ya kahawia, kama uchafu. Na macho hukosea hata mbele ya utajiri. Mwaka 1883 Charles Rasp alipoweka mipaka ya eneo lake la kuchimba Broken Hill, Australia, alidhani mwamba ule mweusi ni wa madini ya bati, kumbe ulikuwa wa fedha, risasi na zinki.

Hatua ya kuchukua sampuli za udongo ndiyo inayoharibiwa kizembe kuliko zote. Mistari iliyoachana mita 200, yenye sampuli kila mita 50, ikikata mwelekeo wa miamba, inatosha kuanzia. Penye dalili unakaza hadi mita 100 kwa 25. Unachimba kupita udongo mweusi wenye mizizi, unachukua tabaka la chini yake, na kina kinakuwa kimoja eneo zima. Kisha mtu anachekecha kwa chekeche la waya uliopakwa zinki, au anakausha sampuli juu ya bati la kuezekea, na kesho yake ramani nzima ina zinki! Chekeche liwe la nailoni au chuma cha pua. Uzio wa seng'enge, kalvati la mabati, betri iliyotupwa na rangi ya zamani vyote huandikwa kwenye daftari pale sampuli ilipochukuliwa. Kipimio cha eksirei cha mkononi kinasaidia sana kwa risasi na zinki endapo udongo umekauka, ila arseniki na risasi hutoa miale inayokaribia kulingana, hivyo kimoja huweza kusomwa kama kingine. Kwa fedha ya kiwango cha udongo, yaani gramu moja au mbili kwa tani, kipimio hicho kisiaminiwe, peleka maabara.

Vipimo vya umeme vina mtego wake. Galena hupitisha umeme, sfaleraiti kwa kawaida haipitishi, kwa hiyo amana ya zinki isiyo na galena wala piriti (salfaidi ya chuma) ya kutosha inaweza kupitwa bila kuonekana. Kinyume chake, shale nyeusi, yaani mwamba wa tope lililoganda, yenye grafiti hung'ara kwenye ramani kuliko madini yenyewe. Mashimo mengi yamechorongwa kufuata grafiti.

Tukifika kwenye kuchoronga, msomaji adai mambo matatu. Kwanza ni upana halisi. Mtambo ukikata mshipa kwa pembe ya digrii 30, mita 12 za shimo ni mita 6 tu za mshipa. Pili ni matokeo ya kila mita. Mita moja yenye gramu 600 ikichanganywa na mita 11 zenye gramu 5 inatoa "mita 12 zenye gramu 54.6", nayo inasomeka kama mkanda mnene wakati kilichopo ni uzi. Tatu ni asilimia ya kora iliyopatikana, yaani ile nguzo ya mwamba inayotolewa na mtambo wa almasi. Galena ni laini na hupasuka ovyo, na mwamba uliooza huoshwa na maji ya kuchorongea. Zikichorongwa mita 3 na kisandukuni zikaonekana mita 2.1, asilimia 30 imepotea, na hakuna anayejua kama iliyopotea ndiyo ilikuwa na madini.

Kuhusu maabara nitasema kidogo: katika kila sampuli 20 iwepo angalau moja ya kiwango kinachojulikana, moja tupu (isiyo na madini) na moja ya marudio, na ile tupu iwekwe mara tu baada ya sampuli tajiri, ambapo uchafu wa mashine ya kusagia hujitokeza.

Gazeti lenu likichapisha tena asilimia ya zinki, naomba liulize pia kama ni ya salfaidi au iliyooza. Sfaleraiti huelea vizuri kwenye matangi ya povu ya kuchenjulia. Smithsonaiti haielei kwa njia hiyo hiyo bila matayarisho ya ziada, na asilimia 12 ya moja si sawa na asilimia 12 ya nyingine.

Msomaji wenu,
Mjiolojia wa utafiti wa madini