Keki za siku ya posa

Mwanga, Kigoma

Shoga yangu Mama Neema,

Salaam nyingi. Najua habari za posa ya Zuhura zimeshakufika huko Tabora, na najua zimefika zimetiwa chumvi. Eti tumewalisha wageni sumu! Basi zisikie kwangu mimi niliyepiga deki usiku ule.

Wageni walifika mchana, na kama unavyotujua, chakula kilikuwa bado kiko jikoni. Tukatanguliza chai na keki za dukani, nyingine kavu za kawaida, nyingine zina krimu katikati. Wifi ndiye aliyezichukua hapa mjini asubuhi. Baadaye ukaja ugali wa muhogo, wali, na migebuka ya mawese. Jua halijazama, mshenga akaomba kuonyeshwa choo. Hakurudi. Akafuata mama wa bwana harusi, kisha Zuhura mwenyewe. Kutapika, shoga, kwa kupokezana, wengine na kuharisha juu yake. Homa hakuna aliyekuwa nayo.

Wifi akasema ni migebuka. Lazima aseme hivyo, maana keki kanunua yeye na samaki nimepika mimi. Nikaanza kuuliza mmoja mmoja kala nini. Watoto wa jirani walikuja jioni wakamaliza samaki na wali, wazima wa afya. Bibi hapendi krimu. Alikula keki kavu na vingine vyote, mzima. Dereva wa bajaji aliyewaleta wageni hakukaa kula, nilimfungia tu keki za krimu akaondoka nazo. Nampigia usiku, ananiambia, "Dada, naongea na wewe huku nimekumbatia ndoo." Wifi akanyamaza.

Nesi wa zahanati naye alishuku krimu. Alisema kuna bakteria wanaokaa puani na kwenye ngozi ya mtu, hata asiyeumwa, na zaidi kwenye vidonda vya vidole. Wakiingia kwenye krimu, nayo ikakaa kwenye joto, wanazaliana na kuacha sumu. Sumu hiyo haikawii, kati ya nusu saa na masaa 8 mtu ameshaanza kutapika. Ukipasha moto chakula, bakteria watakufa, sumu itabaki, na ulimi hautambui kitu. Krimu hutakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 5 au chini yake. Sasa siku ile umeme ulikuwa umekatika tangu usiku, friji ya dukani ilikuwa kabati tu.

Antibiotiki hakutupa. Alitupa ORS, zile pakiti za chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini, na zilipoisha nikachanganya mwenyewe: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mgonjwa anakunywa kidogo kidogo. Mshenga peke yake ndiye aliyetundikiwa dripu, kwa umri wake. Kesho yake jioni wote walikuwa wanaomba uji.

Mwenye duka nilimfuata. Akanionyesha tarehe ya kuisha matumizi, bado iko mbele. Nikamwambia tarehe hiyo ni ya keki iliyokaa kwenye baridi muda wote. Akajibu kwamba wengine walinunua na hawajalalamika. Jibu hilo silipendi, ingawa kusema kweli hakuna kilichopimwa maabara. Zimebaki keki chache. Nimezifunga na kuziweka kwenye friza ya jirani, nimeandika ISIGUSWE. Nataka nizipeleke kwa afisa afya wa kata. Usalama wa chakula uko chini ya TBS, shirika la viwango, tangu 2019, ila kwa sisi wa mtaani afisa afya ndiye wa kuanzia.

Wifi hataki. Anasema yule bwana hutukopesha unga mwisho wa mwezi. Mshenga naye katuma ujumbe kwamba mahari ipo palepale, ila safari ijayo watakuja na chakula chao. Nilicheka, lakini kiliniuma.

Sasa wewe uliyewahi kuuza vitafunwa, niambie: ungekuwa ndiye mwenye duka, ungetaka nikurudie tena tuongee wawili, au nije na afisa moja kwa moja? Nijibu hata kwa simu, kabla wifi hajazitupa.

Wako,
Mama Asha