Shukrani kwa Mama Aliyetusitiri Feri
Napenda kumshukuru hadharani mama mmoja muuza samaki wa Feri, hapa Mtwara, ambaye sikuwahi kumuuliza jina.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kununua dagaa nikiwa na mwanangu wa miaka miwili na kikapu chetu cha ukindu, kwani tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ipigwe marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, nyumbani kwetu tumeamua kuachana hata na vile vifuko vidogo laini vinavyoishia baharini. Abiria wa kivuko cha kutoka Msanga Mkuu walipokuwa wakiteremka, mwanangu alikipindua kikapu, akakivaa hadi mabegani na kutangaza kwamba yeye ni kobe. Dagaa wote walibaki mchangani, na kabla sijawaokota, nepi yake ya kitambaa ikavuja.

Mama huyo alileta ndoo ya maji, akamwosha mtoto, akamfunga kanga yake mwenyewe, kisha akaifungasha nepi kwa jani la mgomba ili isiguse kitoweo. Wengi hunishauri ninunue nepi za kutupa. Yeye alinifundisha kukunja kitambaa pembe tatu, na kwa mtoto wa kiume kuongeza tabaka mbele. Ndipo aliposema, "Haya, kobe, twende nyumbani," tukacheka sote.

Mama yangu, kanga yako nimekwisha kuifua. Nitaileta Jumamosi pamoja na korosho tulizobangua wenyewe, na kobe wako atakuja kukuamkia. Ahsante sana, Mungu akuzidishie.