Salongo ya jumamosi: saa imebadilika

Jambo wandugu wote! Salongo, kazi yetu ya pamoja ya usafi, ya jumamosi hii haianze tena saa tatu, tunaanza saa moja ya asubuhi mbele ya soko ya Kenya hapa Lubumbashi, juu jua ya sasa ni kali sana na ile mitaro tuimalize mbele mvua haijaanza, masashi yamejaa mle ndani na kila mwaka maji inaingia mu nyumba za watu.

1. Mwenye jembe, pela ao bruweti alete.
2. Muchango: faranga 5000, mwisho alhamisi jioni, kwa mama anayetushikia kese.
3. Kisha kazi tunakula bukari na sombe na kapenta ya kukaanga, ile inalia mu meno, pilipili pembeni.

Kisha kula ni kuangalia bezboli, ule muchezo wa kupiga mupira na fimbo! Mechi inaanza saa moja ya jioni ya New York, kwetu ni saa saba ya usiku, kwa hiyo tutaangalia yenye imerekodiwa, mwenye anajua matokeo tafadhali asiseme. Wapya pia mukuje, tutawaelezea pole pole, wachezaji 9 kila timu.

Munijibu hapa NIKO ao SIKO mbele ya alhamisi, wapishi wajue unga ya kununua. Aksanti sana wapendwa.