Dakika ishirini za faiba, na kwa nini si shilingi 500

Wiki iliyopita mteja wetu mmoja wa Nyali, Mombasa, alituandikia kwenye WhatsApp: "Mumekuja, mumeunga uzi mwembamba kama unywele, dakika ishirini mumeondoka, shilingi 3,500. Huu ni wizi." Akaongeza kwamba fundi wa stima wa mtaani kwake angemfanyia kwa 500. Maneno hayo tumeyasikia mara nyingi, ila neno wizi limetuuma, kwa hivyo leo tunajibu kwa kirefu.

Waya wa stima ukiuvua ganda na kuusokota na mwenzake, umeme unapita. Faiba, waya unaoleta intaneti, ni uzi wa kioo unaopitisha mwanga. Uzi mzima wa kioo una upana wa mikromita 125 (mikromita 1,000 ni milimita moja), lakini njia yenyewe ya mwanga, pale katikati, ni mikromita 9 hivi. Unywele wako ni mnene kuliko njia hiyo mara kadhaa. Ncha mbili zikipishana mikromita 5 tu, zaidi ya nusu ya mwanga inamwagika pembeni. Hakuna jicho la fundi linaloweza kuona mpishano huo, wala mkono unaoweza kuurekebisha. Ndiyo maana tuna mashine ya kuchomelea, inayozikabilisha ncha zenyewe kwenye skrini yake kisha ikaziyeyusha kwa cheche ya umeme zikawa kitu kimoja.

Cheche hiyo haimalizi hata dakika. Dakika nyingine zote ni za usafi na kisu. Hapa kwetu mikono ina jasho mwaka mzima, na hewa ina chumvi. Alama moja ya kidole kwenye ncha, kwenye skrini ya mashine inaonekana kama tope. Tunafuta kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, tunakata, tunaangalia, na ncha ikitoka na pengo tunaitupa na kukata tena. Siku ya Nyali tulikata mara nne. Mteja aliona tunapoteza waya wake.

Sasa niwape habari ya godown moja Shimanzi. Wachimba mtaro walikata kebo, mwenyewe akatupigia, akasikia bei, akasema tuko ghali. Akapata kijana aliyeunga kwa kiungo cha kubana, akazungusha solatepu nyeusi, akafukia. Intaneti ikarudi, na mzee akatutumia ujumbe wa kutucheka. Masika ilipoanza, intaneti ikawa inakwenda na kurudi. Akanunua rauta mpya. Ikawa vilevile. Akanunua nyingine. Mwezi wa pili wa hangaiko hilo ndipo alipotuita.

Tulifunga mashine ya OTDR upande wa ofisi. Inatuma mapigo mafupi ya leza ndani ya faiba, halafu inasikiliza mwanga kidogo unaorudi, maana kioo hutawanya mwanga njia nzima, kwa tabia ileile inayoifanya mbingu iwe ya buluu. Mwanga ndani ya kioo hukimbia takriban mita 200 kwa kila mikrosekunde, kwa hivyo ukijua umechelewa kiasi gani kurudi, unajua umetoka wapi. Mstari kwenye skrini ulikuwa unashuka polepole, halafu ukaanguka ghafla kwenye mita 412. Mwanga ulikuwa umekwenda na kurudi kwa mikrosekunde 4 na kidogo. Tulipima barabarani, tukaweka jiwe, mzee mwenyewe akashika jembe. Solatepu ilitoka ikiwa imevimba, na tulipoipasua maji yenye udongo mwekundu yakatiririka. Rauta mbili, vibarua, kebo mpya ya kuziba pengo na kazi yetu: vilimtoka mara saba ya bei aliyoikataa.

Mwaka 1966 Charles Kao, akifanya kazi Uingereza, alionyesha kwamba kinachoua mwanga ndani ya kioo ni uchafu uliochanganyika nacho, na kwamba kikisafishwa hadi kupoteza desibeli 20 (kipimo cha mwanga unaopotea) kwa kilomita kitafaa kwa simu. Mwaka 1970 kampuni ya Corning ikafika hapo. Leo faiba ya kawaida hupoteza kama 0.2. Kao alipewa Nobeli mwaka 2009, mwaka uleule kebo za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilipofika Mombasa. Na mwaka 2025 watafiti wa Southampton pamoja na Microsoft walitangaza faiba yenye uwazi katikati, mwanga ukipita hewani, inayopoteza 0.091. Sisi tulishangilia habari hiyo karakana nzima. Watu wanahangaika miaka kupunguza sehemu ya kumi ya desibeli kwa kilomita, halafu solatepu ya shilingi 50 inakula desibeli nne mahali pamoja! TEAMS inatoka Fujairah, kule Falme za Kiarabu, kilomita elfu kadhaa chini ya bahari. Data inavuka yote hayo, inakuja kufia kwenye mtaro wa Shimanzi.

Jambo jingine: kichwa cha kijani na cha buluu, vile vya kuchomeka mwishoni mwa waya wa faiba, havichanganywi. Cha kijani kimekatwa mshazari wa digrii 8 ili mwanga unaorudi usirejee njiani. Ukikisukuma kwenye tundu la buluu kinaingia, lakini nyuso hazigusani, na mwanga unapotea hapo.

Na tafadhali sana, msichungulie ncha ya faiba kuona kama "ina moto". Mwanga wake hauonekani kwa macho, na watoto wanaiga. Taa nyekundu ikiwaka kwenye kisanduku cha faiba cha nyumbani, acheni ncha zilivyo, msizikate wala kuzifuta kwa shati, mtupigie.

Kwa ndugu yetu wa Nyali: kabla hatujagusa kitu, kipimo cha nguvu ya mwanga kwako kilisoma -29 dBm, na kisanduku cha nyumbani hushindwa kusikia kipimo kikishuka chini ya -27 hivi. Tulipoondoka kilisoma -19, na kiungo chenyewe kimepoteza desibeli 0.02. Picha zote mbili tulikutumia jioni ileile, ziko juu kidogo ya ujumbe wako.