Usije wiki ya mbalamwezi

Dada Neema,

Mwidiwe! Salamu nazifupisha, lori la Baba Juma linaondoka asubuhi na barua hii lazima iwemo. Umesema mnakuja huku Katonga, Kigoma, Julai na watoto wanataka usiku mmoja wa kutazama nyota bila taa. Tarehe uliyotaja inaangukia mwezi 14 wa Kiislamu, mbalamwezi tupu. Ibadilishe, tafadhali.

Mbalamwezi inafuta nyota, na dagaa nao wanaadimika: ziwa likiwa jeupe taa za wavuvi haziwavuti, mitumbwi inapumzika. Njooni kati ya mwezi 26 na mwezi 3, hesabu ya Kiislamu. Ikishindikana, hata mwezi 20 si mbaya, maana unachomoza kama saa tano usiku.

Huku jua linazama saa moja, si kama kwenu Dar. Giza lenyewe ni saa mbili na robo, basi kuleni mapema. Zimeni taa zote, na ya choo pia. Jicho linataka nusu saa kuzoea giza. Mtoto mmoja akiwasha taa, wote mnaanza upya. Simu ndiyo mbaya zaidi, shemeji aiache ndani (namjua). Tochi iwe moja, mfunge kitambaa chekundu mikunjo miwili.

Wageni wa Katonga hukosea kukaa wakilikodolea ziwa. Taa za dagaa zinapendeza, kama mji juu ya maji, lakini macho yakizitazama hayazoei giza. Zitazameni kwanza, kisha tandikeni mkeka nyuma ya nyumba, mlale chali, miguu kusini. Kiti kitawaumiza shingo. Vaeni mikono mirefu, mbu hawajui likizo.

Saa nne kundi la nyota la Nge liko juu, lina nyota nyekundu kifuani na mkia ndani ya Njia ya Maziwa, ule ukanda mweupe wa nyota. Nyota hafifu msiikazie macho. Tazameni pembeni yake kidogo, itajitokeza. Moshi wa mapori unaanza miezi hiyo, kwa hiyo za chini zitapotea. Za utosini hazina neno.

Kilimia, kile kishada cha nyota, ni cha alfajiri, saa kumi na moja, mashariki kuelekea kaskazini. Muda huohuo mitumbwi inarudi, kama uvuvi haujafungwa, kwa hiyo beba ndoo.

Narudia: si mwezi 14! Tiketi ya treni mmeshakata? Inabadilishika? Mnakuja wangapi, mikeka miwili itatosha? Na Mama Sijali, bado anadai lile sufuria?

Wako,
Zawadi