Barua ya wazi kwa mafundi vijana wa Kigoma: legezeni gavana za jenereta

Wanangu, salamu kutoka Ujiji. Nina hasira kidogo, mnivumilie.

Juzi niliitwa kwenye kiwanda cha barafu huku ufukweni. Vijana watatu wenye vyeti vipya walikuwa wamefunga jenereta mbili zifanye kazi pamoja. Kila moja walishaijaribu peke yake, ikawa safi. Walipoziunganisha, taa zikaanza kupumua: zinang'aa, zinafifia, zinang'aa tena. Wao wakafanya nini? Wakakaza gavana zote mbili, vile vifaa vinavyoshika kasi ya injini! Usiku kompresa ya kugandishia barafu ilipowashwa, injini moja ikabeba mzigo wote, ya pili ikageuka abiria, ikizungushwa na mwenzake kama mota. Kulipokucha barafu ni maji, na migebuka inauzwa bei ya kutupa.

"Lakini mzee, kila moja ni nzima." Jibu hilo ndilo lililoniudhi. Nani aliwauliza ya kila moja?

Basi sikilizeni habari ya drupu, yaani ule ulegevu wa gavana unaoacha kasi ishuke kadiri mzigo unavyopanda. Jenereta ya dizeli inayozunguka mara 1500 kwa dakika hutoa umeme wa hezi 50. Ukiiwekea drupu ya asilimia 4, bila mzigo itazunguka 1560, na mzigo ukijaa itashuka hadi 1500. Huko kushuka ndiyo lugha yake ya kumwambia mwenzake: nimelemewa, pokea. Zote zikilegea kwa kiwango kimoja, mzigo unagawanyika bila mtu kugusa kitu. Ukizikaza zote zishike 1500 kamili, tofauti ndogo tu ya kipimo inazua ugomvi, maana kila moja inajiona ndiyo iliyo sahihi. Gridi ya taifa nayo, mitambo ikiwa mbali mamia ya kilomita, inaishi kwa ulegevu huohuo. (Nyumba nyingi hapa mjini zinavunjika kwa kukosa drupu, ila hayo tuyaache.)

Tena mlijaribu kwa taa chache. Chukueni gololi ndani ya bakuli: ukiigusa inarudi, ukiipiga teke inavuka ukingo na hairudi tena. Mota ya kompresa ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara tano hadi saba ya mkondo wake wa kawaida. Hilo ni teke, wanangu. Mwanahisabati Mrusi, Lyapunov, alishaonyesha mwaka 1892: tafuta kitu mfano wa nishati kinachopungua kila mfumo unavyosogea, ukikipata utajua utatulia, hata kama hesabu zake hukuzimaliza.

Mengine kwa ufupi. Daftari la zamu liandikwe. King'ora kisizimwe kwa sababu kinakera. Waya wa ardhi ufungwe kwanza.

Na sisi wazee tuna letu. Watu wa umeme wakija kupogoa michikichi chini ya nyaya, tunatoka na mapanga kuwazuia. Tarehe 14 Agosti 2003, kule Ohio, Marekani, nyaya zililegea zikagusa miti, huku mfumo wa king'ora cha chumba cha udhibiti umekufa kimya. Mzigo ukahamia njia nyingine, nazo zikalemewa moja baada ya moja, mpaka watu milioni 50 hivi, Kanada wakiwemo, wakawa gizani.

Lile gavana la kiwandani liko barazani kwangu. Nyie watatu njooni Jumamosi tulifungue, msiogope, chai ipo. Spana mje nazo. Zangu ziliazimwa tangu Ramadhani.