Dhiraa Kumi na Sita

Cairo, Jumamosi usiku

Kwako ndugu yangu Shomari,

Assalaam alaykum. Natumaini wewe, shemeji, watoto na mama yetu mu wazima huko Utete. Mimi sijambo. Mitihani imekwisha juzi, baridi imeanza kupungua, na leo nimepata siku nzima ya kutembea. Nakuandikia usiku huu huu, kwa sababu nilichokiona kimenifanya niwawaze nyinyi wa mtoni tangu asubuhi.

Nimekwenda kisiwa cha Roda, hapa hapa mjini, katikati ya Nile. Kwenye ncha yake ya kusini pana kisima kipana cha mawe, chenye ngazi zinazoshuka kwa kuzunguka kuta mpaka chini kabisa. Katikati imesimama nguzo ya marumaru yenye pande nane, nayo imechongwa alama kutoka chini hadi juu. Alama hizo ni dhiraa. Dhiraa ile ile, Shomari, ya kiwiko mpaka ncha ya kidole, ambayo marehemu bibi yetu alipimia ukili wa mikeka yake pale barazani. Nilisimama nikanyoosha mkono kuilinganisha, mlinzi akaniangalia tu.

Kisima hicho kilijengwa mwaka 861 kwa amri ya khalifa al-Mutawakkil, na kazi yake ilikuwa moja: kupima mto. Maji yaliingia kwa mifereji mitatu iliyopita chini ya ardhi, yakapanda kwenye nguzo, na mtu aliyekabidhiwa kazi hiyo akasoma yamefika wapi. Yakifika dhiraa 16 mji ulishangilia, maana mashamba yatakunywa ya kutosha na kodi itakusanyika. Yasipofika, bei ya nafaka ilianza kupanda sokoni hata kabla ya mbegu kuingia ardhini. Mwaka 1200 hayakufika hata dhiraa 13. Tabibu Abdul Latif al-Baghdadi alikuwapo hapa Misri na aliiandika njaa iliyofuata. Nilisoma kurasa chache maktabani, nikafunga kitabu, sikuweza kuendelea siku ile. Ukutani, juu ya ngazi, zimechongwa kwa hati ya Kufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, aya za Qur'ani zinazotaja maji na mimea. Aliyezichagua alijua anazungumza na watu wenye hofu.

Lakini nguzo hiyo ni kitukuu. Babu zake ni wa kale mno. Kule Palermo, Italia, kuna kipande cha jiwe jeusi kutoka Misri, kinachoaminika kuchongwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, kinachoorodhesha wafalme wa mwanzo mwaka kwa mwaka. Mwaka huu palikuwa na sikukuu fulani, mwaka ule ng'ombe walihesabiwa, mwaka mwingine ilitengenezwa sanamu. Na chini ya kila mwaka, katika kijumba chake kidogo, kimeandikwa kimo cha mafuriko: dhiraa kadhaa, viganja kadhaa, vidole kadhaa. Hebu fikiri. Katika mambo yote ya kusema juu ya mfalme, hawakukubali mwaka upite bila kuandika maji yalifika wapi.

Hapo ndipo nilipokumbuka tulivyofundishwa darasani. Mto ulileta rutuba, rutuba ikaleta ziada ya chakula, ziada ikaleta miji na wafalme. Tulikariri wote kwa sauti moja, tukapata alama zetu. Sasa nakuambia: pana hatua imerukwa, na wewe na mimi tulipaswa kuiona, kwa sababu tumekulia kwenye mto unaofurika. Rufiji nayo hupanda, hukaa, hushuka, huacha tope. Wazee wetu wakalima mlau kwenye unyevu uliobaki, wakalala madunguni kulinda mpunga na mahindi yasiliwe na nguruwe. Ndiyo kazi ile ile ya mkulima wa Nile, ambaye mwaka wake ulikuwa na majira matatu tu: mafuriko, kuchomoza kwa ardhi na mimea, na mavuno. Mbona kwetu hakutokea Firauni? Tope tulikuwa nalo.

Nadhani jibu linaanza na jangwa. Zamani Sahara haikuwa jangwa. Palikuwa na majani, maziwa, na wafugaji wenye ng'ombe wao. Mvua zikaanza kurudi kusini kidogo kidogo, na kufikia miaka 5,000 hivi iliyopita pakawa pakavu, watu wakasogezwa kuelekea kwenye mto. Bonde la Nile ni jembamba. Ukipanda kilima unaona kijani, kisha mchanga, kama mtu amekata kwa kisu. Mkulima wa Rufiji aliyechoshwa na jumbe wake aliweza kuhamisha nyumba, akafyeka kwingine. Mkulima wa Misri angekwenda wapi? Nyuma yake palikuwa na mchanga na kiu.

Watu wakiwa hawana pa kwenda, mwenye kujua kipimo huwa bwana. Anayesoma maji yamefika wapi mwezi wa tisa anajua mavuno ya mwezi wa nne yatakuwaje, na anaweza kumwambia kila mtu atoe kiasi gani kabla suke halijatoka. Mimi naamini hapo ndipo dola ilipozaliwa. Rutuba ililisha watu. Kuwatawala kulihitaji hesabu.

Na ona jinsi maandishi yenyewe yalivyoanza. Huko Abydos, kwenye kaburi la mtawala wa takriban 3200 KK, wachimbuaji walikuta vipande vidogo vya mfupa na pembe, vimetobolewa tundu ili vifungwe kwenye mizigo. Vina namba na alama, nazo yaelekea zilionyesha wingi wa mali na ilikotoka. Vile vipande ni katika maandishi ya kale kabisa yanayojulikana Misri. Ni lebo za ghalani, Shomari. Wenzao wa Uruk, kule Iraki, walikuwa karibu wakati ule ule wakikandamiza alama kwenye udongo mbichi kuandika shayiri, kondoo na pombe waliyogawiwa watu. Mashairi na dua vilikuja baadaye.

Watu wa Iraki walionewa na mito yao, na huwa nawahurumia. Frati na Tigri hujaa wakati wa masika yao, theluji ya milimani inapoyeyuka, ambapo nafaka iko shambani karibu kuvunwa. Kwa hiyo mafuriko kwao yalikuwa adui wa kuzuiwa kwa kingo na mifereji, na maji ya mifereji, mwaka baada ya mwaka, yalipandisha chumvi juu ya ardhi. Nile ilikuja kiangazi, baada ya mavuno, ikaosha chumvi, ikaondoka kabla ya kupanda. Na tope lake zuri lilitoka milima ya Ethiopia, si kwenye Ziwa Victoria kama tulivyojisifia utotoni. Ziwa letu linaulisha mto mwaka mzima, ila gharika yenyewe ni ya Wahabeshi.

Kati ya watu wote wa kale niliosoma habari zao mwaka huu, aliyenishika moyo si mfalme. Anaitwa Merer. Mwaka 2013 Pierre Tallet na wenzake walikuta Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, mabaki ya karatasi za mafunjo yaliyoandikwa, ya kale kuliko yote yaliyowahi kupatikana, ya miaka ya mwisho ya Firauni Khufu. Kati yake ni daftari la kazi la Merer, msimamizi wa watu kama 40 hivi. Siku kwa siku anaandika: leo tumepakia mawe machimboni Tura, leo tumesafiri kwa mashua, leo tumelala mahali fulani, leo tumefika Giza. Safari mbili au tatu kila siku kumi. Walipitia mto na mifereji maji yakiwa juu, na mawe yale meupe yalikuwa ya kuivisha piramidi kubwa ya Khufu. Halalamiki, hajisifu. Nimepita Giza mara tatu na sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu alihesabu siku zake pale kama manahodha wa mashua wa kwetu wanavyohesabu safari za kwenda Mafia.

Nikarudi kwenye kisima cha Roda. Nilishuka mpaka chini kabisa, na viatu vyangu vikabaki vikavu. Mifereji ile mitatu imezibwa. Tangu bwawa kuu la Aswan likamilike mwaka 1970, mafuriko hayafiki tena Cairo na hakuna cha kupima. Njaa ya kusubiri maji imekwisha na umeme upo, naishukuru Misri kwa hilo kila nikiwasha taa. Lakini tope nalo limebaki nyuma ya ukuta, na mkulima sasa ananunua mbolea kwa magunia.

Ndiyo maana nimewawaza nyinyi. Bwawa la Nyerere, kwenye Rufiji yetu, limejengwa na kampuni za huku huku Misri, na lilianza kujazwa Desemba 2022. Nikawa najiuliza mlau wa mama unakuwaje sasa.

Nina ombi. Kaa naye jioni moja umuulize: kabla ya bwawa, alijuaje kwamba mwaka huu maji yatakuwa makubwa? Alitazama mti upi, gogo lipi ukingoni, wadudu gani wakihama? Nani kijijini aliaminiwa kusema "sasa tuhame madunguni"? Na huyo mtu alilipwa chochote? Andika kwa maneno yake yeye mwenyewe, kwa Kirufiji pale atakaposema Kirufiji, usiyanyooshe. Nitasoma mwenyewe.

Nisalimie wote. Mwambie mama dua zake nazisikia.

Wako,
Hamisi